Siku Sitini na Moja

Walinipa chumba kilichokuwa cha ramani,
meza moja, hita moja inayokohoa,
na mafaili ya miaka mitano yamefungwa kwa kamba.
Nje, mji wa chuma ulioacha kuchimba chuma
umelala chini ya theluji ya Februari;
shimo la mgodi limejaa maji, na maji yameganda.

Lempi Rautio, mhasibu, miaka thelathini na moja kiti kile kile,
aliniwekea kahawa bila kuniuliza.
"Anza na boila," akasema. "Kila mkaguzi huanza na wanafunzi,
kisha boila inamuumbua."

Nilianza na wanafunzi.
Elfu moja mia nne. Elfu moja mia mbili na sita.
Elfu moja na tisini. Mia tisa na sitini.
Mia nane na kumi na mbili.
Nikaunganisha nukta kwa rula, mstari ukateremka
kama ngazi ya kwenda ghala la chini, taa imeungua.
Ada zimeteremka nao. Ruzuku ya jimbo imesimama pale pale,
na kusimama pale pale, bei zikipanda, ni kurudi nyuma.

Kisha fedha za karibu juu ya madeni ya karibu:
moja nukta moja.
Nikakokotoa tena. Moja nukta moja.
Ni mtu anayevuka ziwa la barafu mwezi Machi, mzigo mgongoni:
anavuka, lakini anaisikia.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Na daftari bila mali?
La Lempi halikosi senti.
Kila risiti ina tarehe, kila tarehe ina saini,
na kila mwaka nakisi imeandikwa
kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwaka jana.

Jumatano mkuu wa chuo, Corwin Zupancich, alisimama mlangoni
kama mgonjwa aliyekwisha kuvaa koti.
"Tuna afya?"
Nikamwambia, afya ni neno la mwili, mimi nina siku tu.
Ada zikikoma leo, ruzuku ikikoma leo,
milango itabaki wazi siku sitini na moja.
Akaigeukia kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole.
"Aprili," akasema. "Wauguzi wanahitimu Mei."

Boila, ndiyo. Niliiona Alhamisi.
Bamba lake linasema 1967.
Kuibadilisha, pamoja na paa la maabara: milioni nne na laki tatu.
Nilizitafuta katika mizania. Hazimo.
Hakuna aliyezificha; kanuni haihesabu
kitu ambacho bado hakijavunjika.

Jirani na boila ni karakana ya kuchomelea.
Bernadine Goodsky, miaka hamsini na miwili,
alfajiri anaendesha basi la shule, jioni anajifunza moto,
aliinua barakoa akanionyesha mshono wake.
"Sipaki rangi kwanza," alisema. "Rangi inameza ufa."
Akaupiga nyundo. Nilisubiri sauti.
Ulikuwa mzima. Akaupiga tena hata hivyo.

Usiku ule niliandika ripoti, kurasa kumi na nne,
bila rangi.
Niliweka boila ukurasa wa kwanza, pasipo kanuni kuniagiza.

Asubuhi Lempi aliisoma amesimama, miwani puani.
Nilitarajia aombe nipunguze neno "hatari" ukurasa wa tatu.
Akalipita. Akapita siku sitini na moja, hata kope haikucheza.
Ukurasa wa tisa kidole kikasimama.
"Umegeuza tarakimu. Umeandika 821.
Ni 812."

Nikaomba radhi, nikasema ni tisa tu, hesabu nyingine hazibadiliki.

"Umetuongezea watu tisa ambao hatunao,"
akasema, akinisogezea kifutio.
"Kila mmoja atauliza ameketi wapi."